Mgongo au mguu? Tiba za kiuno sugu na za neva zikiwekwa bega kwa bega

Foleni ya malori pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ndiyo iliyonifundisha kwamba neno "mgongo" hubeba magonjwa mawili. Mimi na dereva mwenzangu tulikuwa tumeegesha tukingoja karatasi za forodha, wote wawili tunachechemea, wote tuna diklo ileile, kidonge cha maumivu, mfukoni. Yake yalikaa kiunoni, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Akikaa sana yanazidi, akitembea yanapungua. Yangu yalianzia kitakoni, yakashuka nyuma ya paja, yakazunguka shavu la mguu na kuishia kwenye kidole gumba kama shoti ya betri. Kiuno chenyewe hakikuniuma sana. Vidonge vile vilimfaa yeye. Mimi nilimeza wiki tatu nikavuna kiungulia.

Tangu siku hiyo nimepita karibu kila mlango ambao mtu wa Uganda mwenye mgongo mbovu huupitia: duka la dawa, sindano, mkanda, mzee wa kuchua, fiziotherapia, picha, hadi meza ya daktari wa upasuaji. Mimi si daktari. Nalinganisha hapa kwa ajili ya mtu ambaye mfuko wake hauruhusu kujaribu vyote, na ambaye atauliza musawo wake, yaani mganga wa hospitali, kabla ya kumeza chochote.

Uko upande upi?

Maumivu ya kiuno huitwa sugu yakipita wiki kumi na mbili. Mengi hayana chanzo kimoja kinachoonekana: misuli, viungo vidogo vya pingili, diski (vile vimto laini kati ya pingili), usingizi mbaya, kazi ya kuinama, wasiwasi, vyote vimechangia. Haya ni maumivu butu, yanabaki kiunoni au yanashuka kidogo hadi kitakoni, na hubadilika kulingana na ulivyokaa au ulivyobeba.

Ya neva, yaani mishipa ya fahamu, yana lugha yake. Yanachoma, yanapiga shoti, yanatekenya kama sisimizi, au sehemu inakufa ganzi kabisa. Neva ikibanwa na diski, maumivu hufuata njia moja ya mguu, mara nyingi hadi chini ya goti, na mguu huo kwa kawaida huuma kuliko mgongo. Ndiyo sayatika. Diski zinazosumbua zaidi ni mbili za chini kabisa, kwa sababu ndizo zinazobeba mzigo wote.

Kuna kundi la tatu ambalo hupotezewa muda sana kwa dawa za mgongo: miguu yote miwili inawaka au imekufa ganzi, ikianzia vidoleni na kupanda kama soksi. Hapo usishike kiuno, pima sukari. Kisukari ndicho mshukiwa wa kwanza, lakini VVU, pombe nyingi, upungufu wa vitamini B12 na dawa ya TB iitwayo isoniazidi nazo huharibu neva. Ndiyo maana isoniazidi huandamana na vitamini B6. Ukiwa hutumii hiyo B6 kwa sababu uliona ni kidonge cha ziada tu, rudi ukaichukue.

Vipimo vya kutofautisha haya havihitaji umeme. Unalala chali, musawo anainua mguu wako ulionyooka. Shoti ikishuka hadi chini ya goti, neva inalalamika. Anagonga nyuma ya kifundo kwa nyundo ya mpira. Anakuambia uinue kidole gumba huku yeye anakizuia. Anagusa ngozi kwa pamba. Dakika kumi zinatosha, na nilizipata bure katika kituo cha serikali baada ya kulipia vitu vingine vingi visivyo na maana. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa Machi 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Kinachokutoa pesa ni karatasi unayopewa ukanunue nje dawa zilizoisha stoo.

Kabla sijaendelea, kuna dalili ambazo hazilinganishwi na kitu. Ukifa ganzi sehemu inayogusa tandiko la boda, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, haja kubwa ikikuponyoka, au miguu yote ikilegea, nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo. Neva za mkia wa uti wa mgongo zinabanwa, na kila saa ina thamani. Homa, jasho la usiku, kukonda, au maumivu yanayokuamsha hata ukilala vizuri: fikiria TB ya uti wa mgongo, na kwa wanaokunywa maziwa mabichi, hasa kwenye nchi ya ng'ombe kule Mbarara na Kiruhura, fikiria brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Yote mawili yana dawa zake maalumu. Hakuna mkanda wala mchuo utakaoyatibu.

Diklo na amitriptilini

Hapa ndipo watu wengi hutia ufunguo kwenye kufuli lisilo lake. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza uvimbe. Kwa kiuno sugu kisicho na neva ndani yake, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa Desemba 2023 linazikubali. Amitriptilini, gabapentini na pregabalini hutuliza neva inayopiga kelele bila sababu. Kwa kiuno cha kawaida mwongozo uleule unasema zisitumiwe kama kawaida. Kwa hiyo dawa iliyomfaa mwenzangu ilikuwa haina kazi kubwa mguuni kwangu, na yangu isingemfaa yeye.

Bei haziko mbali kama watu wanavyodhani. Amitriptilini ni dawa ya zamani, rahisi, na mara nyingi hupatikana hata kwenye vituo vya wilayani. Huanzwa kidogo, miligramu 10 au 25 usiku, ikipandishwa polepole. Usiihukumu siku ya tatu. Ipe wiki kadhaa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu maumivu ya neva ya aina mbalimbali ulikadiria kwamba kati ya watu wanne wanaotumia dawa za kundi la amitriptilini, karibu mmoja hupata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Pregabalini, ambayo hugharimu zaidi, ilikuwa mmoja kati ya karibu wanane. Ukisikia mtu anasema "hii mpya ndiyo kali", kumbuka hesabu hiyo.

Lakini kwa sayatika yenyewe mambo hayajanyooka. Mwaka 2017 madaktari wa Australia waliwapa wagonjwa wa sayatika pregabalini, wengine kidonge kitupu, na miguu haikuonyesha tofauti. Kizunguzungu ndicho kilichozidi. Amitriptilini nayo ushahidi wake kwa sayatika ni mwembamba. Mimi ilinirudishia usingizi, na nilipolala niliweza kufanya mazoezi. Kwa neva za kisukari dawa hizi zina nguvu zaidi, ila sukari isiposhushwa ni kufagia huku mvua inavuja.

Kila moja ina madeni yake. Diklo hutoboa tumbo, hupandisha presha na kuchosha figo. Mzee mwenye presha anayemeza diklo kila siku miezi sita anajitengenezea ugonjwa wa pili. Amitriptilini hukausha mdomo, huleta choo kigumu, huzuia mkojo kwa wazee wenye tezi dume, na haifai kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Na inalaza. Sisi wa usukani tusidanganyane: asubuhi baada ya kidonge cha kwanza niliendesha kutoka Tororo kuelekea Iganga kichwa kimejaa pamba, nikasimama nikalala kando ya barabara. Siku hizi naimeza saa mbili za usiku siku ninayolala, na nikiwa na safari ya alfajiri siigusi kabla ya kumuuliza musawo. Pregabalini na gabapentini usizikatishe ghafla, na mwenye figo mbovu apunguziwe dozi.

Tramadoli, ile dawa kali ya maumivu? Madereva wanaijua. Kwa kiuno sugu, mwongozo wa 2023 unakataa dawa zote za jamii ya afyuni, na kuichanganya na amitriptilini kunaweza kuleta degedege. Kuna anayeuliza mbona Uganda inasifiwa kwa mofini ya maji, ile ambayo Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, iliisambaza hadi vijijini. Mofini hiyo ni kwa maumivu ya saratani na ya mwisho wa maisha. Mgongo wa miaka kumi ni habari nyingine.

Sindano ya kitakoni

Sisi tunaamini sindano. Kidonge kinaonekana cha watoto. Diklo ya sindano haiponyi zaidi ya ile ya kumeza. Inafika mapema kidogo tu, na tumbo haliokoki kwa sababu dawa inazunguka kwenye damu ileile. Hatari iliyo juu yake ni kwamba neva kubwa ya mguu inapita katikati ya kitako. Anayedunga bila mafunzo, akikosa ile robo ya juu upande wa nje, anaweza kuigonga, na mtu aliyeingia na kiuno anatoka na mguu unaoburuta. Watoto wengi wa nchi hii wamelemaa kwa njia hiyo. Nikilinganisha faida na hasara, hiki ndicho kitu cha kwanza ningekifuta kwenye orodha.

Vitamini za B zilizochanganywa, zile za rangi nyekundu zinazouzwa kama "dawa ya neva", zina kazi kwa aliyepungukiwa. Aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi ana sababu ya kupima B12. Aliyebanwa na diski hana upungufu, na vitamini hazitaisukuma diski. Zaidi ya hapo, B6 nyingi kwa muda mrefu nayo huharibu neva.

Picha ya MRI, au mikono ya musawo?

MRI, picha inayoonyesha hadi diski na neva, inakula laki kadhaa, na kwa mtu wa Kotido au Kisoro ongeza nauli na malazi ya Kampala. Nililipa. Karatasi ilisema diski mbili zimechakaa na moja imevimba, nikajiona maiti. Hakuna aliyeniambia kwamba ukiwachukua watu wa miaka hamsini ambao hawaumwi kabisa, karibu wanane kati ya kumi wana diski zilizochakaa na sita kati ya kumi wana iliyovimba. Hiyo ni mvi ya mgongo.

Picha ina maana pale jibu lake litabadilisha kitu: kuna dalili za hatari, mguu unazidi kulegea, au wewe na daktari mmeshafikiria kisu. Nje ya hapo, vipimo vya mkono vinatosha kuanzia. Eksirei ya kawaida ni rahisi lakini haioni diski wala neva; inaweza kuonyesha pingili iliyovunjika au, wakati mwingine, iliyoliwa na TB. Kwa kisukari MRI ya mgongo haina la kusema; kipimo cha sukari na cha kugusa nyayo vinasema zaidi kwa sehemu ndogo ya bei.

Mazoezi, mkanda na mashine

Mkanda nilinunua wa kwanza barabarani, wa pili duka la vifaa vya hospitali, bei mara nne. Yote miwili iliniwasha tumbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri mikanda isitolewe kama tiba ya kawaida ya kiuno sugu, pamoja na kuvutwa kwa mashine, mashine za mawimbi ya sauti na zile za kutekenya kwa umeme. Unaposoma hayo utagundua kwamba hicho ndicho kipindi kizima katika kliniki fulani za fiziotherapia: unalazwa, unabandikwa waya, unapakwa jeli, unalipa, unarudi kesho. Nilifanya vipindi vinane vya namna hiyo katika kliniki moja. Nilikuwa najisikia vizuri hadi kwenye ngazi.

Baadaye, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, dada mmoja wa fiziotherapia aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kaka, unakaa kwenye kiti kwa muda wa saa ngapi kabla hujashuka?" Nikasema sita, saba. Akanifundisha mambo manne, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili nimuonyeshe. Kushuka kila saa mbili na kulizunguka lori. Kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa viwiko, nikiangalia kama shoti ya mguuni inarudi juu kuelekea kiunoni, kwa kuwa hiyo ni dalili njema. Ikishuka zaidi niache. Kuinua makalio nikiwa chali. Kutembea. Hakuna mashine hata moja. Miezi miwili ya kuudhi ilipita kabla sijaona tofauti, na hapo ndipo wengi wetu huacha.

Kwa kiuno sugu, mazoezi ndiyo tiba yenye ushahidi wa kutosha na hasara ndogo kuliko zote, na hakuna aina moja iliyothibitika kuwa mfalme. Kutembea tu kunafaa: utafiti wa Australia wa mwaka 2024, wenye watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno, ulikuta waliofuata mpango wa kutembea walikaa wastani wa siku 208 kabla ya kuumwa tena, wasiofuata siku 112. Mama anayechuuza soko la Owino akizunguka kutwa huku amebeba mzigo kichwani asije akaambiwa atembee. Yeye anahitaji kupunguza mzigo na kuimarisha mapaja. Ndiyo sababu namtaka mtaalamu anayeuliza kazi yako kabla hajawasha mashine.

Kwa neva iliyobanwa, mazoezi yapo lakini kwa uangalifu zaidi, na hayakimbizi uponyaji. Yanauweka mwili tayari huku diski ikinywea yenyewe. Kwa neva za kisukari yanasaidia kushusha sukari na kuzuia kuanguka, ila kagua nyayo kila jioni na usitembee peku, kwa kuwa jiwe usilolisikia ndilo linaloleta kidonda.

Mzee wa kuchua na mitishamba

Nisingependa kuwadharau abayunzi, waunga mifupa wetu wa kienyeji. Kuchuliwa kumo kwenye yale ambayo mwongozo wa 2023 unayaruhusu kwa kiuno sugu, na hata dawa ya kupaka yenye pilipili imo. Bibi yangu aliyetusugua mafuta ya pilipili angecheka. Kama una kiuno kikavu, bila ganzi, bila homa, mikono mizuri ya mzee inaweza kukupa siku kadhaa za nafuu kwa bei ya soda chache. Itumie siku hizo kufanya mazoezi.

Ninapokataa ni mahali pawili. Kwanza, kukanyagwa au kuvunjwavunjwa mgongo ukiwa na ganzi, mguu dhaifu, au dalili za TB. Pingili iliyoliwa inaweza kukunjika juu ya uti. Pili, chupa isiyo na jina inayoponya siku moja magoti, mgongo, presha na nguvu za kiume. Kitu kinachofanya kazi haraka hivyo huenda kimetiwa dawa ya hospitali usiyoijua, steroidi kwa mfano, na utaijua siku uso utakapovimba na sukari kupanda.

Sindano ya uti, kisu, au subira

Hili ni la wenye sayatika tu. Kisu kwa ajili ya kiuno kinachouma bila neva ni biashara ambayo mimi sioni faida yake kwa mtu wa kawaida, na kwa neva za kisukari hakina mahali.

Sindano ya steroidi karibu na neva, inayochomwa na mabingwa wachache walioko hasa Kampala, huweza kupunguza maumivu ya mguu kidogo kwa wiki kadhaa. Haibadilishi mwisho wa safari. Mtu aliyeshindwa kabisa kulala, mwenye uwezo, anaweza kuinunua kama daraja. Aliye na kisukari aulize mara mbili kwa kuwa sukari itapanda.

Kuhusu kisu, ulinganisho bora ninaoujua ulifanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2007. Watu 283 wenye sayatika kali ya wiki sita hadi kumi na mbili waligawanywa: wengine wapasuliwe mapema, wengine wangoje wakitibiwa kwa njia nyingine, na mlango wa upasuaji uachwe wazi. Waliopasuliwa walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa yamefika mahali pamoja, asilimia 95 wakisema wamepona. Kati ya waliongoja, asilimia 39 waliishia kupasuliwa hata hivyo. Kwa maneno ya stendi: kisu kinanunua muda. Je, muda wako una bei gani? Fundi ambaye miezi minne bila kazi ni watoto kurudishwa nyumbani anaweza kuchagua tofauti na mtumishi mwenye likizo ya ugonjwa, na wote wawili wakawa sahihi.

Kinachogeuza hesabu ni nguvu, wala si ukali wa maumivu. Kidole gumba kikianza kushindwa kunyanyuka, ukijikwaa kwa unyayo unaoning'inia, ngoja-ngoja inaisha. Mabingwa wa upasuaji wa uti ni wachache. Wengi wako Kampala, Mulago na hospitali binafsi, wachache Mbarara. Foleni ya serikali ni ndefu, kwa hiyo barua ya rufaa chukua mapema hata kama unapanga kusubiri. Muulize daktari mambo haya: picha inalingana na mguu unaouma? Unapasua kwa ajili ya mguu au mgongo? Unaondoa kipande cha diski tu, au unaweka vyuma? Vyuma kwa diski ya kwanza, iliyovimba tu, mimi ningeomba maoni ya daktari wa pili kabla ya kuuza pikipiki.

Mimi niliandikiwa tarehe ya kupasuliwa. Wiki mbili kabla yake dada wa fiziotherapia alinizuia kidole gumba kama kawaida, na kwa mara ya kwanza kikamshinda. Nikapiga simu hospitali wampe mwingine nafasi ile. Ganzi ya nje ya unyayo bado ipo, kama kipande cha plasta kilichosahaulika. Lori nimelitia kiti kingine, na pale Malaba, foleni ikisimama, mwenzangu na mimi tunashuka kulizunguka, tanboi, wale vijana wasaidizi wa malori, wakitucheka.